Uzi: Makombo ya Beatles yaliyookolewa na watu binafsi, na kaseti zinazoota ukungu huku kwetu Kusini

Mkaa Shangani (Mtwara)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye bando la kuungaunga ajipange. Na watu wa Mtwara na Lindi naomba mnivumilie kabla ya kuuliza Beatles na sisi wapi na wapi, maana najua mtauliza.

Sizungumzii zile nyimbo za bendi hiyo ya Waingereza ambazo kila mtu anazijua. Nazungumzia makombo: majaribio ya studio yaliyowekwa kando, mazoezi, maonyesho yaliyorekodiwa na mtu aliyekuwa pale na mashine yake. Kwa miaka mingi vitu hivi vilizunguka kwa magendo, kwenye santuri zisizo na jina la kampuni, mpaka wenyewe wakaona heri waziuze. Mwaka 1994 ikatoka Live at the BBC, kisha 1995 na 1996 zikafuata albamu tatu za makombo hayo, Anthology 1 hadi 3.

Ninachotaka kusema ni kwamba ukifuatilia nani aliyeokoa sehemu kubwa ya makombo hayo ya mwanzo, hukuti kampuni wala kituo cha redio. Unakuta mtu na tepurekoda yake ya nyumbani. Watu wa aina hiyo huku Kusini tulikuwa nao, wengine bado wapo, na kanda zao zipo uvunguni zinaoza.

Anzia tarehe 6 Julai 1957, kanisa la St Peter's, Woolton, Liverpool. John Lennon, aliyekuja kuwa mmoja wa Beatles, ana miaka 16, anaimba na kikundi chake cha Quarrymen. Ndiyo siku hiyo hiyo aliyokutanishwa na Paul McCartney, mwenzake wa baadaye kwenye Beatles. Kijana mmoja pale ukumbini alikuwa na tepurekoda ya Grundig, akarekodi, akaenda zake nyumbani, kanda ikakaa kwake. Mwaka 1994 ikafika mnadani London, EMI wakainunua kwa pauni 78,500. Kampuni ile ile iliyojitajirisha na Beatles ikatoa fedha yote hiyo kwa kitu ambacho kijana alikirekodi kwa kupenda tu.

Njoo Desemba 1962, Hamburg, klabu ya Star-Club. Grundig tena, kanda ya kawaida ya nyumbani, walevi wanapayuka katikati ya nyimbo. Sauti ni mbovu, sitadanganya. Lakini unasikia bendi inayokimbiza nyimbo kwa kasi ambayo hutaikuta kwenye albamu yoyote. Ilitolewa 1977 bila ridhaa yao, kesi ikaburuzwa mpaka 1998, George Harrison, mpiga gitaa wao, mwenyewe akasimama mahakamani, na mahakama ya London ikawapa haki.

Halafu BBC, na hapa ndipo panaponiuma. Kati ya 1962 na 1965 walisikika redioni wakipiga nyimbo mara 275, nyimbo tofauti 88, na 36 kati ya hizo hawakuwahi kuzitoa kwenye santuri zao walipokuwa bendi. BBC ikafanya nini? Kanda nyingi zikafutwa zikarekodiwa vipindi vingine juu yake. Walipotaka kutengeneza albamu ya 1994 ikabidi baadhi ya vipande vitoke kwa wasikilizaji waliokuwa wamejirekodia kutoka redioni.

Na msidhani ni BBC peke yao. Kanda halisi ya Love Me Do, ile ya Septemba 1962 Ringo Starr akiwa kwenye ngoma, haipo. Walipotaka kuitoa tena miaka ya 80 wakaichukua kutoka kwenye santuri. Wimbo wao wa kwanza kutoka EMI huo.

Ya karibuni zaidi ni ya shule ya bweni ya Stowe. Tarehe 4 Aprili 1963 Beatles walikwenda kupiga pale, mwanafunzi wa miaka 15 akarekodi. Dunia ilikuja kuisikia habari hiyo 2023, miaka 60 baadaye! Wasikilizaji wengi walikuwa wavulana, kwa hiyo muziki haukumezwa na yale mayowe ya kina dada. Linganisha na Hollywood Bowl 1964 na 1965, ambako kampuni ilipeleka mitambo yake ya kisasa, watu zaidi ya 17,000 wakapiga kelele, na rekodi ikakaa kabatini hadi 1977 kwa sababu hakuna aliyejua aifanye nini.

Sasa nyumbani. RTD, Radio Tanzania Dar es Salaam, ndiyo ilikuwa studio ya nchi. Bendi zinaingia, maikrofoni chache, fundi mitambo anahesabu, wimbo unapigwa wote kwa mkupuo. Huku Kusini santuri ilikuwa kitu cha wenye nazo, na barabara tunaijua: kabla ya daraja la Mkapa 2003 mvua ikinyesha ulikuwa umekwama, ama Ndundu unasubiri pantoni ama kwenye tope la kuelekea Lindi. Redio haikukwama. Ndiyo maana mtu wa Newala au Nachingwea alikuwa anaweka redio kaseti mezani, kidole kwenye kitufe chekundu, anasubiri kipindi cha Mchana Mwema.

Hizo kaseti ndizo ninazoziulizia. Nani anazo, ziko katika hali gani, na nani ana deki inayofanya kazi hapa Mtwara mjini.

---

Korosho Ghafi (Tandahimba)

Nimesoma vizuri nikafika pauni 78,500 nikasimama. Nina kabati zima la kaseti za marehemu babu. Mnada uko wapi mkuu, tuache kusubiri minada ya korosho?

---

Mkaa Shangani

Hahaha. Mkuu, kaseti ya Mchana Mwema hakuna atakayekupa hata ya soda. Ila usizitupe. Andika basi hata kilichoandikwa juu ya makaratasi yake, tuanzie hapo.

---

Nimekaa Paleee (Lindi)

Mleta mada una hoja, lakini umeipindisha ili ikufae.

Makombo ya nyumbani ni ya mwanzo tu, kabla hawajawa na jina. Utamu wenyewe wa Anthology umetoka kabati la EMI. Pale Abbey Road, studio ya EMI, kuanzia walipopata mashine ya njia nne (inayorekodi sauti nne kando kando kwenye kanda moja) Oktoba 1963, kanda za kazi kwa kiasi kikubwa zilitunzwa, pamoja na zile za majaribio yaliyoharibika. Kila boksi limeandikwa tarehe na namba ya jaribio. Bila makarani wale wenye mwandiko mzuri usingekuwa na uzi.

Chukua Strawberry Fields Forever. Walianza kuirekodi Novemba 1966. Jaribio la kwanza liko Anthology 2: taratibu, pole, linaanza moja kwa moja na ubeti bila kile kibwagizo cha mbele. Wakaendelea kulikarabati mpaka jaribio la 7, Lennon akaridhika. Siku zikapita akasema hapana, nataka zito zaidi. Wakaja na ala za kupuliza na selo, wakafika jaribio la 26. Akazisikiliza zote mbili akasema anapenda mwanzo wa ile na mwisho wa hii, ziungwe. Prodyuza wao George Martin akamwambia haziko katika ufunguo mmoja wala mwendo mmoja. Lennon akajibu kwa namna yake kwamba hiyo ni kazi yenu nyie. Martin na fundi wake Geoff Emerick wakaharakisha moja kidogo, wakapunguza mwendo wa nyingine, zikakutana. Kiungo kipo kama sekunde ya 60. Vaa spika za masikioni usikilize: sauti ya Lennon inabadilika ghafla, inakuwa nzito, ya mtu aliyelemewa na usingizi. Ukishaisikia mara moja hutaacha kuisikia tena.

Sasa hilo utalijuaje kama jaribio la 7 lingefutwa? Aliyelitunza ni ofisi. Usiibebeshe ofisi lawama zote.

---

Mkaa Shangani

Nakubali kuhusu Abbey Road, wale walikuwa wanatunza. Swali langu ni kwa nini walitunza. Kanda zile zilikuwa za bendi inayoingiza mamilioni, na hata hivyo nyingi za 1962 hazikupona. Kutunza kulianza hela ilipoanza. Bendi ya Mtwara au Lindi iliyokwenda Dar ikapiga nyimbo nne ikarudi, nani angeitunzia jaribio lililoharibika?

---

Nimekaa Paleee

Hapo umenibana kidogo. Ila RTD imetunza mengi kuliko tunavyoipa sifa. Kanda nyingi tunazozisikia leo za NUTA Jazz, Morogoro Jazz na Western Jazz ni za kule kule, ziko TBC, mrithi wa RTD.

---

Binti Mikindani (Mtwara)

Naomba niwakatishe kidogo, mimi napiga gitaa, historia ya kesi na minada nawaachia.

Kwenye Anthology 2 kuna jaribio la kwanza la Yesterday, Juni 14, 1965. Kabla hajaanza unamsikia Paul anamwelekeza George Harrison kodi za gitaa. Anamwambia yeye anashika G lakini kwa George itakuwa F. Nilirudia hapo mpaka mama akagonga mlango. Maana yake ni kwamba gitaa lake lilikuwa limelegezwa sauti nzima chini ya kawaida, ndiyo maana ukijaribu kuupiga pamoja na rekodi kwa gitaa lililotuniwa kawaida, vidole viko sawa na masikio yanakataa. Miaka yote nilikuwa nawasikia watu wanabishana mtandaoni kuhusu hilo, kumbe jibu amelitoa mwenyewe kwa mdomo wake.

Katika jaribio hilo hakuna fidla na selo, zile ziliingizwa siku tatu baadaye. Ni yeye na gitaa. Ubeti wa pili anapindua mistari miwili, ya nyuma inakuja mbele, na unasikia kicheko kinamponyoka kidogo. Halafu anaendelea kama hakuna kilichotokea.

Nyingine ni While My Guitar Gently Weeps ya Julai 25, 1968, iko Anthology 3. George peke yake na gitaa kavu na kinanda kwa mbali, ina ubeti ambao kwenye albamu haumo. Ile ya albamu ina solo ya Eric Clapton, nzuri, siikatai. Lakini nikiambiwa nichague moja nachukua hii. Mnaweza kunipiga mawe.

---

Korosho Ghafi

Kuna hii kaseti ya babu imeandikwa kwa kalamu ya risasi "Kilwa 2 – usifute". Ni bendi au ni safari?

---

Mwana wa Kivinje (Kilwa)

Ngoja wewe! Usifute kweli. Inaweza kuwa Kilwa Jazz.

Kwa vijana: Kilwa Jazz ilikuwa bendi ya Dar es Salaam, ila jina la kwetu, chini ya Ahmed Kipande. Miaka ya 60 ukiitaja Dar Jazz na Western Jazz lazima uitaje na Kilwa Jazz. Wazee wetu Kivinje walikuwa wakiisikia redioni wanavimba kichwa kana kwamba bendi nzima inalala kwao.

Shikamoo yake marehemu babu yako alipo. Mtu aliyeandika "usifute" alikuwa anawajua watu wa nyumba yake. Kaseti nzuri ngapi zimerekodiwa kaswida na harusi juu yake? Kwetu kuna moja upande A ni dansi, katikati ya solo inakata, anaanza shangazi kuimba vijembe vya kumuaga mwali. Na sasa shangazi hayupo, kwa hiyo hatujui tuumie kwa lipi.

---

Mkaa Shangani

Korosho Ghafi, fanya jambo moja leo leo. Juu ya kaseti, upande wa mgongo, kuna vimeno viwili vya plastiki. Vivunje. Mashine haitaweza kurekodi juu yake tena. Na usiipige kwanza.

---

Fundi Rili (Mtwara)

Nimeitwa nikaja. Nilikuwa natengeneza redio kabla ya simu za tachi, kwa hiyo haya mambo nayajua kwa mikono.

Mleta mada yuko sahihi, usiipige kwanza. Hewa yetu ya pwani ina unyevu na chumvi, ukungu ndiyo adui namba moja. Ishike kwenye mwanga, tazama kwa kile kidirisha. Ukiona vumbi jeupe kwenye ukingo wa utepe ulioviringwa, huo ni ukungu. Ukiuingiza kwenye deki unachafua kichwa, na kaseti inayofuata inaambukizwa. Iweke kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na vile vifuko vya kukaushia vinavyokuja na viatu vipya, iache ikauke. Usianike juani, utepe unajikunja.

Kama ni safi, angalia kisponji kidogo nyuma ya utepe katikati. Kikidondoka sauti inapanda na kushuka, watu wanadhani kanda imekufa. Haijafa, unahamisha kisponji kutoka kaseti isiyo na maana. Zile zenye skrubu tano ni rahisi, zilizogundishwa unapasua taratibu na kuhamishia utepe kwenye ganda jingine. Za dakika 120 muwe nazo makini zaidi ya zote, utepe wake ni mwembamba, ukitafunwa umetafunwa.

Kisha izungushe mbele mpaka mwisho na kurudi nyuma mpaka mwanzo mara moja, ndiyo upige. Kichwa kisafishe kwa spiriti na pamba kabla ya kila kaseti. Msirekodi kwa kuweka simu mbele ya spika, nawaomba sana, mtapata na jogoo. Toa waya kwenye tundu la spika za masikioni, ingiza kwenye kifaa cha sauti cha USB, kwenye kompyuta hifadhi kama WAV. MP3 utatengeneza baadaye ya kurushiana WhatsApp.

---

Korosho Ghafi

Fundi, asante. Hii ina mngurumo mkubwa lakini, nakumbuka babu alipokuwa anaipiga. Muziki uko nyuma ya "vuuuu".

---

Fundi Rili

Huo unaweza kuwa wa umeme ulioingia wakati wa kurekodi. Upo kwenye utepe, hautoki kwa pamba. Irekodi hivyo hivyo na mngurumo wake, usichuje chochote. Kuchuja ni kazi ya baadaye.

---

Nimekaa Paleee

Naunga mkono fundi, na mfano upo kwa Beatles wenyewe. Lennon alirekodi wimbo nyumbani New York miaka ya 70 mwishoni, kwenye kaseti, piano inamfunika sauti na mngurumo juu yake. Yoko Ono akawapa wenzake kaseti 1994. Wakajaribu 1995 wakaiacha. Baadaye timu ya mwongozaji filamu Peter Jackson, ilipokuwa inashughulikia kanda za Januari 1969 za filamu ya Get Back, ikatengeneza programu inayoweza kuitenga sauti ya mtu na ala zilizorekodiwa pamoja. Wakairudia kaseti ya Lennon, sauti ikatoka peke yake, safi. Now and Then ikatoka Novemba 2023. Fundi wa 1995 angejifanya mjuaji akaichuja na kutupa ile asili, leo isingekuwepo.

Hata hizo kanda za 1969, mamia ya rili ziliibiwa. Polisi wakazikamata Uholanzi Januari 2003, kama 500.

---

Sheria Msumeno (Masasi)

Wakuu mnaongea vizuri ila mjue mnakoelekea. Kunakili kaseti ya babu na kuisikiliza na familia ni jambo moja, kuipandisha YouTube na kuweka matangazo ni jingine. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 na COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki, wapo. Watunzi wana warithi.

Wenzetu Ulaya sheria iliwafanya watu watoe vitu kabatini. Ulinzi wa rekodi uliongezwa kutoka miaka 50 hadi 70, lakini rekodi ambayo haijatolewa ndani ya ile 50 haipati nyongeza. Ndiyo sababu Desemba 2013 Beatles walitoa ghafla nyimbo 59 za 1963 kwa njia ya mtandao bila mbwembwe. Haikuwa zawadi ya Krismasi ile, walikuwa wanalinda mali.

---

Mwana wa Kivinje

Sheria kafika, sasa tutaogopa mpaka kaseti zioze zote.

---

Sheria Msumeno

Sijasema msinakili. Nimesema msiuze. Nakilini, andikeni mnachokisikia, tarehe mkiweza, mkikuta wimbo ambao haupo popote tafuteni familia ya mtunzi na TBC. Kuna ubaya gani hapo?

---

Mkaa Shangani

Hakuna ubaya, na kuhusu tarehe niongezee. Msikate vipande visivyo muziki. Nina kaseti ya jirani yangu ambayo wimbo unaisha, mtangazaji anaanza salamu za Ugua Pole, mtu anawatakia nafuu wagonjwa wa hospitali ya Ligula, anataja ndugu zake hadi pumzi inamwishia. Muziki wenyewe ningeupata kwingine. Zile salamu sitazipata. Na mara nyingi ndizo zinazokusaidia kujua ni mwaka gani, kwa tangazo au habari iliyobanwa mwisho wa utepe.

Korosho Ghafi, lini unashuka Mtwara?

---

Korosho Ghafi

Alhamisi, nakuja na pikipiki. Nimezifunga kwenye kitambaa kisha kwenye ndoo yenye mfuniko, ziko ishirini na kitu. "Kilwa 2" nimeiweka peke yake. Vimeno nimevunja vyote.

---

Fundi Rili

Deki ninayo, ila mkanda wake wa mpira umelegea, inapiga kama imelewa. Nikipiga nyimbo zenu hivyo mtasema Kipande alikuwa anaimba akiwa chini ya maji. Kuna mtu anajua mikanda hiyo inapatikana wapi hapa mjini, au niagize Kariakoo?

---

Binti Mikindani

Usiagize. Baba ana redio kaseti mbili za National hazifanyi kazi, moja imekatika antena na nyingine imeungua transfoma. Mikanda sidhani kama imeguswa. Nitakuletea Jumatano baada ya saa kumi, uje na bisibisi ndogo maana za kwetu zimepotea.

---

Fundi Rili

Bisibisi ipo. Leta zote mbili.